Cheche za Jirani: Usalama wa Kuchomelea Chini ya Paa la Pamoja

Fundi wa kuchomelea anapoinama juu ya geti na kushusha kinyago chake, yeye ndiye aliyejikinga kuliko wote karakanani. Seremala anayepiga randa hatua chache kutoka hapo hana kinyago. Mpaka rangi wa magari hana, wala mama lishe aliyeleta chai na chapati, wala mteja aliyekuja kuulizia bei ya grili, wala kijana aliyeshikilia nondo ili isicheze. Wote hao wanapata mwanga uleule, moshi uleule na cheche zilezile, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama kazi ianze sasa au isubiri.

Hapo ndipo mazungumzo yetu kuhusu usalama wa kazi hii yanapopotea njia. Kila likitajwa suala la mafundi wa kuchomelea, tunakimbilia vifaa: kofia, glavu, buti, aproni ya ngozi. Hufanyika semina, hugawiwa vinyago, hupigwa picha. Vifaa hivyo ni vya lazima na sina neno la kuvipinga. Ila katika karakana ya pamoja hatari ya kuchomelea inawaangukia wengi kuliko huyo anayechomelea, kwa hiyo haiwezi kudhibitiwa na nguo anazovaa yeye peke yake. Inadhibitiwa kwa namna mahali palivyopangwa, kwa saa za kazi, na kwa jibu la swali ambalo karakana nyingi hazijawahi kulijadili kikao kizima: nani ana haki ya kusema "zima mashine" na akasikilizwa?

Karakana ninayoizungumzia msomaji anaijua. Iko Gerezani, Dar es Salaam. Iko Kamukunji na Gikomba, Nairobi, na kando ya Barabara ya Ngong ambako fanicha za mbao na kazi za chuma hutengenezwa ubavu kwa ubavu. Tanzania ilianzisha SIDO mwaka 1973 ili kuvisaidia viwanda vidogo, na mitaa yake ya viwanda ikawakusanya mafundi wa kila namna sehemu moja. Nchini Kenya, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilisaidia sana kuifanya serikali na wataalamu waione kazi ya vibandani kuwa uchumi halisi. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya Rais Daniel arap Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, vibanda vikaanza kujengwa. Paa lilikuja kama heshima kwa watu waliokuwa wakipigwa na jua mgongoni, na walilistahili. Lakini moshi uliokuwa ukipotea angani ukapata dari, na mafundi waliokuwa wametawanyika wakawa bega kwa bega. Kila mmoja ana biashara yake, wateja wake na madeni yake. Wanachochangia ni paa, mita ya umeme, choo na mlinzi wa usiku. Bosi hakuna. Vitabu vya usalama kazini viliandikwa vikikifikiria kiwanda chenye meneja na lango moja, na mahali hapa hapafanani na kiwanda hicho.

Tuanze na mwanga, kwa sababu ndio unaowaumiza wengi. Moto wa umeme unaoruka kati ya kijiti na chuma hupita nyuzi 5,000 za Selsiasi na hutoa miale mikali ya urujuanimno. Miale hiyo huunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyobabua bega la mvuvi, na inapompata mtu, hahisi kitu. Baada ya muda wa saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku akiwa amelala, macho yanaanza kuwasha kana kwamba yamejaa mchanga, yanatoka machozi, hayataki taa. Watu huweka vipande vya kiazi, huweka maziwa, huvumilia mpaka asubuhi. Kwa kawaida jicho hupona katika siku moja au mbili, na hiyo ndiyo inayofanya jambo lenyewe lipuuzwe. Kwa kuwa maumivu yanakuja mtu akiwa nyumbani, hayaingii katika hesabu ya karakana. Mama lishe anayekesha akitokwa machozi hamlaumu fundi wa kona ile. Analaumu moshi wa kuni zake.

Kuchelewa huko kwa madhara ndiko kunakoitofautisha kazi hii na kazi nyingine za karakanani. Msumeno ukikukata unajua saa hiyohiyo nani alikuwa anaushika. Jicho lililoungua huuma usiku. Moshi wa chuma huonyesha madhara yake baada ya miaka. Cheche iliyoangukia kwenye vumbi la mbao inaweza kufuka kimyakimya kwa saa nzima kabla ya kuwaka, na kufikia hapo fundi ameshafunga mlango na kupanda daladala. Palipo na madhara ya kuchelewa, uzoefu haufundishi vizuri. Fundi mwenye miaka 20 kazini anasema kwa unyoofu kwamba hajawahi kupata tatizo, na anaamini asemacho. Kwa sababu hiyo sioni busara kuacha usalama wa wote utegemee hisia za mtu mmoja, hata awe mzoefu kiasi gani.

Dawa ya mwanga ni rahisi kuliko zote, na inasikitisha kwamba haipo karibu kila unapokwenda. Ni kizuizi. Fremu ya chuma chakavu yenye magurudumu, iliyofunikwa kwa bati kuukuu au turubai zito lisiloshika moto kirahisi, inatengenezwa na fundi huyohuyo kwa nusu siku. Bati jipya linalong'aa halifai kwa upande wa ndani, maana linarudisha mwanga na kumpiga fundi kisogoni, chini ya kinyago. Lipakwe rangi isiyong'aa. Chini na juu paachwe uwazi ili hewa ipite. Na kazi yenyewe ihamie kwenye kona isiyopitwa na watu, kwa sababu nguvu ya miale hupungua haraka kadiri mtu anavyokaa mbali. Miwani ya jua haimsaidii anayetazama. Hata fundi mwenyewe, kwa kazi za kawaida za vijiti, anahitaji kioo cha giza cha namba 10 au zaidi, na kile kioo cheusi cha miwani ya mtaani hakikaribii hapo.

Moshi una habari ndefu zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, likitaja saratani ya mapafu. Kabla ya hapo, tangu 1989, ulikuwa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu. Mapema mwaka 2019 mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ikatangaza kwamba hata kuchomelea chuma cha kawaida, kile tunachotengenezea mageti na madirisha, hakuwezi tena kuhesabiwa kuwa salama kwa kufungua madirisha peke yake: ndani ya jengo lazima pawe na kifaa cha kunyonya moshi pale unapotokea. Kwa karakana ya Gerezani kifaa cha namna hiyo ni ndoto kwa sasa, na sitaki kumdanganya mtu kwamba feni ya mezani inalingana nacho. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji fedha. Fundi asimame upande unaotoka upepo, kichwa kisiwe juu ya moshi. Feni, kama ipo, ivute moshi kuutoa nje au ipulize kutoka ubavuni. Isiusukume kuelekea kwa jirani. Kazi kubwa ifanyiwe nje, uwanjani, na kizuizi kikiwa kimesimamishwa.

Kuna moshi wa aina moja unaostahili kanuni yake peke yake. Bomba na bati lililopakwa zinki, tunaloliona kila siku katika vichanja vya matangi ya maji na nguzo za uzio, hutoa moshi mweupe mzito linapochomelewa, kwa sababu zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 ilhali chuma chenyewe kinahitaji karibu nyuzi 1,500 ili kiyeyuke. Jioni ile fundi anapata homa, baridi kali, kiu na ladha ya chuma mdomoni; anadhani ni malaria. Kesho yake inapoa, anarudi kazini. Imani iliyoenea Afrika Mashariki na hata nje yake ni kwamba maziwa yanasafisha kifua. Maziwa hayaingii mapafuni. Anayeyanywa hafanyi kosa, ni chakula kizuri, ila anapoyategemea anaacha lile linalosaidia kweli: kukwangua zinki kwa grenda, sentimita chache kila upande wa sehemu ya kuungia, huku amevaa barakoa ya vumbi, nje, mbali na wengine. Rangi ya zamani nayo ikwanguliwe hivyohivyo, kwani huenda ina risasi. Na kuna dawa za kuondolea grisi zenye klorini ndani yake, ambazo mafundi wa magari huzipenda kwa kuwa zinakauka upesi. Mvuke wake ukikutana na moto wa kuchomelea na miale yake unaweza kugeuka fosijini, gesi ya sumu iliyotumika vitani mwaka 1915. Fundi wa breki na fundi wa kuchomelea wanaweza kufanya kazi zao kwa ustadi, kila mmoja peke yake, na bado wakaitengeneza gesi hiyo pamoja bila kujua.

Mfano huo wa breki ndio unaonifanya niamini kwamba karakana ya pamoja inahitaji fikra yake yenyewe. Hatari nyingi hazimo ndani ya kazi moja. Zinazaliwa kazi mbili zinapokutana. Seremala bila mchomeleaji ana vumbi tu. Mpaka rangi bila mchomeleaji ana harufu ya thina. Mshona makochi ana marundo ya sponji ambayo hayamdhuru mtu. Mlete mchomeleaji katikati yao, na kila kitu hapo kinageuka kuni.

Moto ndio unaoua wengi kwa mara moja. Tarehe 11 Aprili 1996 mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara ya juu inayopita mbele ya uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani. Cheche zilipenya kwenye mwanya wa barabara, zikaangukia ndani ya dari la jengo lililo chini, kwenye vipande vya kuzuia joto vilivyotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Watu 17 walikufa, wengi kwa moshi. Mwezi Novemba 2010, mjini Shanghai, wachomeleaji wasio na leseni walikuwa wakikarabati ghorofa lililokaliwa na watu. Nyavu za plastiki na sponji za ujenzi zilishika moto, na watu 58 wakafa. Nchi hizo mbili zina wahandisi, zina zimamoto wenye magari, zina kanuni za maandishi. Na katika matukio yote mawili waliokufa hawakuwa wamekodi mashine wala kushika kijiti. Walikuwa abiria na wapangaji.

Kanuni za Marekani za kazi za moto hutaka kila kitu kinachoweza kuwaka kiondolewe ndani ya mita 11 kutoka mahali pa kuchomelea, kwa kuwa cheche na vipande vya chuma vinavyoruka vinaweza kufika mbali hivyo, na vikitoka juu huenda mbali zaidi. Pima mita 11 katika kibanda cha Gikomba uone unamfikia nani. Utapita mafundi watatu au wanne. Basi kanuni hiyo haitekelezeki kwa umbali, na inabidi itekelezwe kwa njia nyingine: kwa kufunika na kwa saa. Kufunika ni kuweka bati kati ya cheche na mbao, kufagia vumbi la mbao na kulinyunyizia maji kabla ya kuanza, kuziba matundu ya sakafu na nyufa za ukuta, na kuyaondoa madebe ya thina kabisa, kwa sababu mvuke wake hautambui kifuniko. Ndoo za mchanga na za maji ziwe karibu, na mtungi wa kuzimia moto kama umepatikana.

Saa ndiyo silaha inayosahaulika. Kwa muda mrefu miongozo ilitaka mtu abaki kulinda kwa nusu saa baada ya kazi ya moto kwisha. Siku hizi miongozo mikubwa ya Marekani inataka saa nzima. Tafsiri yake kwa karakana ya pamoja ni kwamba, ikiwa milango inafungwa saa 12 jioni, mashine ya mwisho inazimwa saa 11. Najua maana ya kanuni hiyo mfukoni. Jioni ndipo mteja anapotoka kazini na kuja kudai geti lake, jioni ndipo umeme uliokatika mchana unaporudi, na saa ile ya mwisho inaweza kuwa ndiyo saa yenye hela. Hata hivyo ndiyo kanuni ambayo, kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu kati ya zote zilizomo humu, ningeichagua. Anayeweza kuuona moto ukiwa bado ni moshi mdogo ni mtu aliyebaki. Mlinzi wa usiku yuko langoni. Akija kuuona, tayari umeshapanda paa.

Pipa tupu lina hukumu yake. Fundi huletewa pipa la mafuta akate apate jiko, au tenki la pikipiki linalovuja, au tangi la gari la kubebea mafuta. Tupu linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Kuosha kwa sabuni hakutoshi. Mafuta mazito yaliyoganda kwenye mikunjo hayanuki yakiwa baridi, lakini yakipashwa moto yanageuka mvuke upya. Zipo njia za kitaalamu, kama kulijaza maji mpaka karibu na sehemu inayochomelewa huku mdomo ukiwa wazi, au kulijaza gesi isiyowaka. Msimamo wangu ni mkali: chini ya paa la pamoja kazi hiyo isifanywe, hata na aliyewahi kuifanya mara mia, kwa sababu mlipuko hauchagui kati ya aliyekubali hela na aliyekuwa akila mihogo ng'ambo ya pili.

Sasa nimfikie yule kijana anayeshikilia nondo. Katika karakana zetu ufundi hujifunzwa kwa kushika. Mwanafunzi anakuja na ndala miguuni, anaambiwa "shika hapa", fundi anashusha kinyago, kijana anafumba macho au anageuza uso pembeni. Kinyago ni kimoja kwa sababu mashine ni moja na kijiti ni kimoja. Anafanya hivyo kwa miezi, pengine kwa miaka, kabla ya kukabidhiwa kijiti chake mwenyewe, na kufikia siku hiyo ameshafundishwa bila maneno kwamba maumivu ya macho ni ada ya kujifunza. Cheche ya moto ikiingia kwenye ndala anaruka, wenzake wanacheka. Sioni la kuchekesha hapo. Kijana huyu ndiye anayekaa karibu zaidi na moto akiwa na kinga ndogo zaidi, na hana sauti ya kukataa kwa kuwa kukataa ni kupoteza nafasi. Karakana ikitaka kujipima, isianze na fundi mkuu. Imtazame huyu. Koleo la kubana la bei ndogo linaweza kushika nondo badala ya mkono wake. Kinyago cha pili cha kushika mkononi si mali ya kutisha kwa mtu anayenunua vijiti kila wiki. Na viatu vilivyofungwa viwe sharti la kuingia, kwa kijana na kwa mteja.

Hapa niseme jambo kwa haki. Tunapowalaumu mafundi kwa kutovaa, tunasahau joto. Aproni ya ngozi na mikono mirefu ndani ya kibanda cha bati, Dar es Salaam mwezi Februari, ni mateso, na jasho hilo lina hatari yake: ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Mwenye kushauri vazi ashauri pia dari la juu zaidi, matundu ya hewa, maji ya kunywa, na kazi nzito kufanywa asubuhi.

Kuhusu umeme wenyewe, mashine zetu nyingi ni za kienyeji, zimesukwa kwa waya wa shaba na mafundi hodari, bila kasha na bila kizima cha dharura. Kishikio cha kijiti kikiwa hakichomelei huwa na volti 50 hadi 80 hivi, na mtu huzidharau kwa kuwa si 230 za ukutani. Kwa aliyelowa jasho, amekaa juu ya chuma, ndani ya fremu asiyoweza kujinasua upesi, volti hizo zinaua. Kosa la pamoja linalonitia wasiwasi zaidi ni waya wa ethi. Fundi mvivu au mwenye haraka huubana kwenye nguzo ya kibanda badala ya kuubana kwenye chuma anachokichomelea. Umeme wa kurudi unaanza kutafuta njia kupitia kuta za bati, minyororo, hata waya wa ethi wa mashine ya jirani, na unaweza kuziunguza. Seremala akigusa ukuta na kushtuka, hajui umeme umetoka wapi. Kanuni ni fupi: ethi ibanwe kwenye kazi yenyewe, karibu na mshono. Na pale mita ya LUKU inapochangiwa na mafundi wote, waya zinaongezwa kila mwezi bila mtu kupiga hesabu ya mzigo. Kamati iwe na fundi umeme wake mmoja, na mtu mwingine asiguse boksi.

Gesi nitaipitia kwa haraka, kwani wanaoitumia ni wachache. Mitungi ifungwe kwa mnyororo ikiwa imesimama. Oksijeni isikutane na grisi wala mafuta, hata ya mkononi, na isitumike kamwe kupuliza vumbi nguoni, maana nguo iliyojaa oksijeni huwaka kwa kufumba na kufumbua. Asetilini inawaka ikiwa na hewa kwa kiwango chochote kuanzia asilimia 2.5 hadi karibu 80. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni. Wanaotengeneza gesi yao kwa kabaidi na maji wakumbuke kwamba tope linalobaki huendelea kutoa gesi. Likimwagwa kwenye mtaro uliofunikwa, gesi hujikusanya humo mpaka mtu apite na sigara.

Yote hayo yanajulikana, na nusu yake fundi mzuri atakusomea bila kuangalia karatasi. Kinachokosekana ni mamlaka. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote mbili zimejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Sheria ya Kenya inamtwika wajibu mkubwa yule anayeshika mahali pa kazi, na inamtaja pia aliyejiajiri kwamba asiwahatarishe wengine. Kwenye karatasi, basi, pengo limezibwa. Kwa vitendo mkaguzi akifika Gerezani au Kamukunji amuulize nani? Mwenye kiwanja anapokea kodi, hajui mashine. Halmashauri inatoza ushuru. Mwenyekiti wa kikundi alichaguliwa kwa ajili ya mikopo. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na si kwa ubaya. Kweli hakuna aliyepewa mamlaka hayo. Fidia nayo inafuata mkondo uleule: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania unachangiwa na waajiri kwa ajili ya wafanyakazi wao, kwa hiyo seremala anayejitegemea akiungua kwa cheche za jirani hana pa kudai isipokuwa kwa jirani huyohuyo, ambaye naye ameunguliwa na kibanda.

Sidhani mamlaka hayo yatashuka kutoka juu. Lakini mafundi wetu wana ujuzi ambao viwanda vya Ulaya havina: wanajua kuendesha VICOBA na chama. Watu wasio na bosi wanakutana kila wiki, wanatunza daftari, wanatoza faini kwa mchelewaji, wanamsimamisha mwanachama mkaidi, na fedha hazipotei. Chombo hicho tayari kipo na kina heshima. Kikabidhiwe pia ubao. Ubao wa chaki, ukutani, karibu na swichi kuu: nani anachomelea, kona ipi, ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi, nani anabaki kulinda. Asiyeandika hawashi. Kila siku kuna mtu wa zamu, awe seremala au mshona makochi, mwenye ruhusa ya kuzima swichi kuu akiona sponji iko karibu au kizuizi hakipo. Mtu wa zamu asiwe mchomeleaji, nasisitiza hilo, kwa sababu anayechomelea hawezi kuona: amevaa kioo cheusi na anatazama milimita chache za chuma kinachoyeyuka. Faini ya kukaidi iingie kwenye mfuko wa kununulia mtungi wa kuzimia moto na vifaa vya huduma ya kwanza, na mtu wa zamu afundishwe kwamba kidonda cha moto humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta havifai.

Nimesikia pingamizi kwamba faini itavunja ujirani, kwamba huwezi kumzimia mzee mashine mbele ya wateja wake. Pingamizi hili ni zito, kwa kuwa heshima ndiyo inayoiendesha karakana isiyo na bosi. Ndiyo maana zamu izunguke, ili leo mimi nikuzimie wewe na kesho wewe unizimie mimi, na kanuni ipitishwe kikaoni kabla ya ugomvi wowote, na sahihi za wazee ziwe za kwanza. Mzee aliyetia sahihi anazimiwa na kanuni aliyoitunga, hazimiwi na kijana. Pale ambapo kikundi hakielewani kiasi hicho, waigawe siku: asubuhi kazi za chuma, mchana rangi na sponji. Ni mpango duni, unapunguza mapato ya pande zote mbili, lakini unazitenganisha kazi zisizopatana.

Halmashauri nazo zinaendelea kujenga maeneo mapya ya mafundi, na ramani ikishachorwa vibaya hakuna ubao utakaoirekebisha. Ukuta wa matofali unaofika mpaka kwenye paa kati ya wachomeleaji na maseremala, uwanja wazi wa kufanyia kazi kubwa, dari refu lenye uwazi kileleni, boksi la umeme la kila safu lenye swichi inayofikika bila kuvuka mashine, na njia ya kupitisha gari la zimamoto: mambo hayo ni rahisi msingi unapochimbwa na ni ghali kupita kiasi baadaye. Mkataba wa upangaji nao uwe na kifungu kinachosema nani anashika mamlaka ya kazi za moto katika safu hiyo, na jina lake libandikwe mlangoni, ili mkaguzi, mteja na mwenye kiwanja wajue wa kumuuliza.